Noeli ng'ambo ya mpaka: ukienda Arua na jamaa yako

Mwezi wa 12 ukifika, njia ya Vurra inajaa watu. Mmoja ametoka Durba, mwingine Mongbwalu, mama wa Ariwara amepanda moto moja na watoto wake watatu, na wote wana neno moja: "Tunaenda kufanya Noeli Arua." Pengine wewe pia umekwisha kuahidi watoto. Basi tusemezane kidogo mbele ya kufunga mzigo.

Arua, ambayo tangu tarehe 1 Julai 2020 inaitwa jiji, si Kampala, lakini kwa mtu aliyekaa karyeri mwaka mzima ni kubwa ya kutosha: soko kuu la ghorofa, maduka ya nguo, boda-boda kila kona. Na huendi kwa watu wageni kabisa. Walugbara wako huku na kule. Mpaka uliwakata tu, na sehemu ile ya Arua ilitiwa Uganda mwaka 1914. Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa kule walikimbilia kwetu, wakalala katika nyumba zetu. Kwa hiyo ukisikia mzee wa Arua anaongea Kiswahili cha huku, usishangae. Ukipewa enyasa, sema "awadifo", utaona uso wake.

Hapo duwane, uwe na makaratasi ya safari na ile karti ya manjano ya chanjo, ya kila mtu. Halafu angalia mambo mawili. La kwanza, kule magari yanapita upande wa kushoto. Mtoto wetu akitaka kuvuka njia anatazama upande usiofaa, kwa hiyo mshike mkono. La pili, saa yao inatangulia yetu kwa saa moja. Ibada ikitangazwa Ediofe au Mvara kwa saa nne, kwako Aru ni saa tatu. Wengi wanafika watu wakiimba wimbo wa mwisho!

Sasa feza. Hapa ndipo pana machozi. Wachimbaji wengi wanagawana matokeo ya shimo mbele ya Noeli, na feza ya miezi mingi inaingia mfukoni siku moja. Mtu anafika Arua kama pedeje: viatu, redio, soda kwa kila anayemsalimu, na usiku vinywaji vingine. Kurudi anaomba moto ya deni. Mama anauliza, "Baba watoto, tutakula nini mwezi wa kwanza?" Jibu hakuna. Mimi naona dawa ni moja: hesabuni pamoja, baba na mama, mkiwa bado nyumbani. Feza ya chakula cha Januari, ya dawa na ya mbegu ibaki Aru. Ile ya safari mwigawe, kila mmoja abebe sehemu yake.

Shilingi ya Uganda inatembea Aru na Ariwara pia, kwa hiyo badilisheni mapema. Ukibeba dola, noti ndogo kule inapewa bei ya chini kuliko ya mia. Tena tarehe 26 ni siku kuu kwao, kwetu siyo. Usingoje benki siku hiyo.

Na zahabu? Usiifiche katika soksi, wala katika nguo za mtoto. Bila karatasi, ikikamatwa imepotea, na wewe unaweza kulala ndani siku ya Noeli.

Watoto wadogo wapotea sokoni tarehe 24, watu wanaposukumana. Mwandikie kila mmoja kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya mwenyeji wenu wa Arua, kitie mfukoni. Namba yako ya Kongo pengine haitashika kule.

Kama mnafikiri kumpeleka mtoto masomo ya Kiingereza, ulizeni bei siku hizohizo. Mwaka wa shule wa Uganda unaanza kwa kawaida mwezi wa pili, si Septemba kama kwetu, na nafasi zinaisha upesi.

Siku ya kurudi ondokeni mchana. Sabuni, sukari na vitenge mlivyonunua, shikeni risiti zake mkononi, si chini ya mzigo. Na mkifika Aru, rudisheni saa zenu nyuma.