Nuru, Ufunuo na Uzinduko: Maana ya Kuangaziwa Kiroho katika Lugha za Dini

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno yatumiwayo kueleza tukio ambalo dini nyingi hulisifu: mtu kuupata ujuzi wa mambo ya roho ambao hapo kwanza hakuwa nao. Wafasiri wetu wamezoea kulieleza tukio hilo kwa kauli moja, "kutiwa nuru". Hoja yetu ni kwamba kauli hiyo haitoshi. Kila dini hulitazama tukio hili kwa sura yake, na sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuzitenga sura hizo.

Kwa mwandishi, suala hili lilianzia matangani, karibu na Oyugis. Mji huo, ambao leo umo katika Kaunti ya Homa Bay, uko kwenye barabara ya Kisumu na Kisii, jirani na mpaka wa Wajaluo na Wagusii. Hivyo sokoni na baina ya wakwe Kiswahili ndicho kiungo. Bibi yangu mzaa baba alipofariki, ilisemekana kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa "Aseneno ler", yaani "Nimeona nuru". Wakwe zetu Wagusii walikuwapo, nami, niliyekuwa nimerejea punde kutoka ng'ambo na shahada ya uzamili, nikapewa kazi ya ukalimani. Nikasema: "Ametiwa nuru." Papo hapo baba mdogo, ambaye ni Msabato, akanikatiza: mama yake hakutiwa kitu, bali alisoma Maandiko akaikubali kweli. Shangazi, muumini wa Legio Maria, akasema kwamba mama yake aliona kwa macho yake, kama waonavyo wenye kupewa maono. Ubishi huo haukuwa wa sarufi tu. Ambaye tafsiri yake ingekubaliwa, ndiye ambaye kanisa lake lingeongoza mazishi.

2. Ler, maler na lero

Tuanze na Kijaluo chenyewe. Nomino "ler" ina maana ya nuru. "Maler" ni safi, tena ni takatifu. Ndiyo maana Roho Mtakatifu huitwa "Roho Maler", jina ambalo nusu yake ya kwanza imetoka katika Kiswahili, nacho kiliipata kutoka Kiarabu. Kitenzi "lero" ni kufafanua jambo hata likaeleweka. Kwa hiyo mwangaza, usafi na ufafanuzi ni mambo yanayokaribiana sana katika lugha hii.

Kiswahili nacho kiliifuata njia hiyo kwa upande mmoja, maana "takatifu" limetokana na "takata", yaani kuwa safi. Lakini kwa upande wa nuru, Kiswahili cha dini kimelipendelea neno la Kiarabu kuliko "mwanga". Huenda sababu mojawapo ni kwamba "mwanga", wingi wake "wanga", ni mchawi wa usiku, na kinachomtenga na "mwanga" wa taa ni ngeli tu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba katika imani ya asili ya Wajaluo ujuzi wa siri haukuelezwa hasa kwa mfano wa nuru. Mtu alishikwa na "juogi", naye akasema asiyoyajua. Sura hiyo inakaribiana na "kupagawa" au "kupandwa" kwa Kiswahili, ambako mtu ni chombo cha mwingine.

3. Nuru katika Ukristo wa Nyanza na jirani zake

Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen, ambaye mwaka 1910 alitoa kitabu cha sarufi ya Kijaluo. Waongofu wa misheni waliitwa "josomo", watu wa kusoma. Jina hilo linatuambia mengi: kuangaziwa kulikuwa ni kujifunza. Katika mapokeo hayo "kupokea nuru" ni kulielewa fundisho na kulitii. Baba mdogo alisema kutoka humo.

Legio Maria, iliyojitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, na ambayo Got Kwer huko Migori ni mahali pake patakatifu, huheshimu ndoto, maono na unabii. Hapa nuru huonekana, wala haisomwi. Shangazi naye alikuwa na msingi wake.

Tena kuna sura mbili nyingine. Marafiki, yaani Wakweka, waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, hufundisha kwamba nuru imo ndani ya kila mtu. Kazi ya mtu ni kunyamaza na kuisikiliza. Nao ndugu wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 walisema juu ya "kutembea nuruni", maana yake kuungama dhambi waziwazi mbele ya wenzao. Nuru yao humfanya mtu aonekane kabla ya kumfanya aone.

4. Uislamu: kuondolewa pazia

Katika Kurani, sura ya 24 inaitwa An-Nur, na aya yake ya 35 huieleza nuru ya Mwenyezi Mungu kwa mfano wa taa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiandikia aya hiyo kitabu kizima, Mishkat al-Anwar. Lakini masufi wana istilahi nyingine, "kashf", yaani kufunua. Kwao kweli ipo daima. Moyo ndio uliozibwa, nalo pazia huondolewa.

Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili lilipata balaa. "Kumkashifu" mtu ni kumvunjia heshima kwa kufichua aibu yake. Kadhalika "maarifa", ambayo kwa masufi ni kumjua Mungu kwa kuonja, kwetu yamekuwa ujuzi wa jambo lolote, hata wa kutengeneza baiskeli. Kwa hiyo mfasiri asidhani kwamba neno la Kiarabu litamfikisha Uarabuni. "Kufunuliwa", ambalo ni kinyume cha "kufunikwa", litaibeba maana ya "kashf" vizuri zaidi.

5. Ubudha: kuamka na kuzimika

Hapa ndipo "kutiwa nuru" kunaposhindwa kabisa. Jina "Buddha" limetokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kuamka. Siddhartha Gautama, alipokaa chini ya mti huko Bodh Gaya, hakupewa nuru na yeyote, aliamka. Nayo "nirvana" asili yake ni kuzimika, kama moto uzimikavyo, na moto huo ni wa tamaa, chuki na upumbavu. Mfano wa nuru ulitiwa na wafasiri wa lugha za Ulaya, nasi tukawafuata.

Kiswahili kina neno bora, "kuzinduka". Kuzinduka ni kushtuka kutoka usingizini. Tena "kuzindua" huweza kuwa ni kuliondoa zindiko. Anayezinduka hapati kitu kipya: amevuliwa kilichokuwa kimemfunga.

6. Ni nani mtenda?

Tukiyakusanya hayo, twaona kwamba tofauti kubwa imo katika kauli za vitenzi. "Tiwa" iko katika kauli ya kutendwa, nayo yadai mtenda: yuko aliyetia. "Zinduka" na "ongoka" zina kiambishi -k-. Zaeleza hali iliyomfika mtu bila kumtaja aliyeileta. "Ona", "soma" na "pokea" humfanya mwanadamu mwenyewe kuwa mtenda. Mwenye kuchagua kauli, basi, amekwisha kuchagua teolojia, hata kama hakukusudia.

7. Hitimisho

Bibi alisema "nimeona". Mimi nikasema "ametiwa". Kwa kubadili kauli ya kitenzi nilimwingiza mtenda ambaye yeye hakumtaja, na kumwondolea marehemu tendo lake la mwisho. Jioni ile nilisimama tena mbele ya wakwe, nikajisahihisha: "Alisema, Nimeona nuru." Ubishi haukuisha. Mazishi yaliongozwa na kanisa la baba mdogo, na shangazi na wenzake waliimba usiku wa kuamkia siku hiyo. Lakini hakuna aliyelalamika tena juu ya mkalimani.

Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba watunga istilahi wasitafute neno moja la kuzifunika dini zote. Watenge nuru, ufunuo na uzinduko. Na pale msemaji mwenyewe asipomtaja mtenda, mfasiri asimtaje.