Mpiga Ramli Asikalie Kiti cha Mwenyekiti

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mara nyingi jambo lenyewe ni la kawaida: barabara imekatika, bomba la maji limepasuka, mbolea imefika wilayani. Lakini iko siku mbiu hulia kwa jambo zito zaidi. Vijana wawili wamekufa mwezi mmoja katika ukoo mmoja. Ng'ombe wameibwa. Mtoto hajulikani alipo. Siku hiyo mkutano hujaa kuliko siku zote. Mtu mmoja husimama kule nyuma na kusema, "Tumechoka. Tumwite mtaalamu atuonyeshe wachawi." Wengi hupiga makofi. Mwenyekiti huinama na kunyamaza.

Leo yafaa tuzungumze juu ya dakika hiyo moja ya kimya. Maana katika dakika hiyo serikali ya kijiji huacha kazi yake, na mgeni asiyechaguliwa na mtu ye yote hupewa kiti cha mwenyekiti.

HUYU MTAALAMU NI NANI?

Katika mikoa yetu ya kusini magharibi watu hawa huitwa lambalamba, na wengine huwaita kamchape. Serikali huwaita wapiga ramli chonganishi, na jina hilo linawafaa, kwa kuwa kazi yao ni kuchonganisha. Huja na vijana wao na dawa zao. Kila kaya hutakiwa kutoa fedha. Asiyetoa huulizwa, "Unaogopa nini?" Kisha huingia nyumba hii na ile, huchimba uani, na kuonyesha pembe au kitambaa kilichofungwa. Je, nani aliyekiona kitu hicho kabla yeye hajafika? Hakuna. Lakini mwenye nyumba amekwisha kupakwa jina ambalo halifutiki.

Baada ya siku chache mtaalamu hupanda gari na kwenda zake na fedha zenu. Mnaobaki ni ninyi majirani, mnaochota maji kisima kimoja na kuzikana. Nyumba ikichomwa moto usiku, au mzee akipigwa mawe, yeye hayupo. Atakayesimama mahakamani ni kijana wako.

JAMBO HILI SI JIPYA

Wazee wetu walikuwa na mwavi. Mtu aliyeshukiwa alinyweshwa dawa: akitapika alikuwa safi, asipotapika alihesabiwa kuwa mchawi. Serikali za wakoloni zilikataza mambo hayo, na sheria ya uchawi iliyotungwa wakati wa Waingereza, mwaka 1928, ingali katika vitabu vya sheria za nchi yetu mpaka leo.

Lakini katazo halikuondoa hofu. Katika miaka ya 1930 wauza dawa walioitwa mchapi walienea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakanywesha vijiji vizima dawa ya kuondoa uchawi. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, jina la Chikanga wa Rumphi, katika nchi ambayo sasa ni Malawi, lilisikika mpaka huku kwetu. Watu wa Iringa, Wahehe miongoni mwao, walisafiri mwendo mrefu kwenda kuamuliwa naye nani ni mchawi na nani si mchawi.

Sasa fikiri, msomaji. Kama dawa za watu hao zilikomesha uchawi, mbona kila kizazi kimewaita wengine? Baba alilipa, mwana akalipa, na mjukuu anadaiwa mchango. Hii ni biashara inayoishi kwa hofu, na mwenye biashara hataki bidhaa yake iishe.

RAMLI INAUA MARA MBILI

Mwenye kupiga ramli huua kwa njia mbili. Kwanza, humtaja asiye na hatia akauawa na kundi la watu. Pili, humtuma mwenye tamaa ya mali akatafute viungo vya binadamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mbeya ilitajwa kote duniani kwa habari za kuchuna ngozi za watu. Mwaka 2009, kwa sababu ya kuuawa ndugu zetu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Bwana Mizengo Pinda, alifuta leseni za waganga wa jadi. Kisha, kati ya mwisho wa mwaka 2018 na mwanzo wa mwaka 2019, msiba ukaingia Njombe, mkoa uliokatwa kutoka Iringa mwaka 2012. Watoto wapatao kumi waliuawa, na baadhi ya miili ilikutwa imekatwa viungo. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shuleni, hata wale waliozoea kwenda peke yao tangu darasa la kwanza. Polisi walikamata watu, wakiwamo waganga.

Wale watoto wa Njombe watukumbushe neno moja: anayemkaribisha mpiga ramli kijijini ili alete usalama, amemkaribisha fisi alinde zizi.

NANI MWENYE KIJIJI?

Wengi hudhani kijiji ni cha mwenyekiti. La. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mamlaka ya juu ya kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani ninyi wote mkaao hapo mliotimiza miaka 18. Mkutano huo yapasa ukae kila miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi. Chini yake iko Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, pamoja na kamati zake. Mojawapo ni Kamati ya Ulinzi na Usalama.

Mkutano Mkuu una nguvu nyingi, lakini hauna nguvu zote. Kijiji kikitunga sheria ndogo, haina nguvu mpaka ikubaliwe na Halmashauri ya Wilaya. Kwa hiyo mchango wa lambalamba si mchango halali, hata kama mikono mia tano imenyooshwa kuukubali. Na hakuna mkutano hata mmoja, mdogo au mkubwa, wenye ruhusa ya kumhukumu mtu kwa uchawi, kumfukuza kwake au kumtoa roho. Raia aweza kumkamata mhalifu anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini yampasa amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Anayempiga mtu mpaka afe ameua, na kusema "tulikuwa wengi" hakumwokoi.

Hata ulinzi wetu wenyewe umewahi kupotoka kwa njia hii. Katika miaka ya 1980 sungusungu walianza kule kwa Wasukuma na Wanyamwezi ili kupambana na wezi wa ng'ombe, na sheria ya mwaka 1989 ikawatambua. Walisaidia sana. Lakini baadhi yao waligeuka kuwasaka akina mama wazee walioitwa wachawi. Ulinzi usiokuwa na mipaka humrudia mwenye nyumba.

KWA NINI MWENYEKITI ANANYAMAZA?

Tusimhukumu upesi. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara kama alio nao mtendaji. Amechaguliwa na watu hawa hawa wanaopiga makofi. Nchi yetu ina vijiji zaidi ya 12,000, na tarehe 27 Novemba 2024 vilichagua viongozi wake kwa kipindi cha miaka mitano. Mwenyekiti anayesema "hapana" leo anaogopa kura za kesho. Tena anaogopa kuambiwa, "Unawatetea kwa kuwa nawe ni mmoja wao."

Basi hapo ndipo siasa ya kijiji na usalama wa kijiji hukutana. Mwenyekiti hupata moyo kwa wale walioketi mbele yake. Wakisimama watu watatu tu na kusema kwa upole, "Mwenyekiti, jambo hili si la mkutano, ni la polisi na la hospitali," atapata mahali pa kuweka mguu. Wasiposimama, atasombwa na maji.

WENZETU WA MBALI

Iko nchi moja ya visiwani, kaskazini ya Australia, iitwayo Papua New Guinea. Nayo ina nyanda za juu, tena mkoa mmoja wake huitwa hasa Nyanda za Juu Kusini, kama sisi. Watu wake ni wakulima, wana lugha zaidi ya 800, na Wakatoliki miongoni mwao ni wengi. Huko pia mtu akifa ghafula, huulizwa nani amemwua. Huko pia wako watu wanaolipwa ili wamtaje mchawi. Kwa lugha yao huitwa glasman.

Mwezi Februari 2013, katika mji wa Mount Hagen, mama mmoja kijana alichomwa moto akiwa hai mbele ya umati, kwa kusingiziwa kwamba amemwua mtoto kwa uchawi. Umati ukawazuia polisi na wazima moto wasimfikie. Nchi ile ilikuwa na sheria ya mwaka 1971 iliyompa mwuaji nafasi ya kujitetea kwamba aliyemwua alikuwa mchawi. Mwaka ule ule wa 2013 bunge likaifuta. Mwaka 2022 likaongeza sheria ya kuwaadhibu wanaotaja wachawi kwa malipo.

Lakini sheria peke yake haitoshi mahali polisi wako mbali. Katika mji wa Mendi, mtawa mmoja Mswisi, Sista Lorena Jenal, amekuwa akiwapokea akina mama waliookolewa katika mateso hayo, kuwauguza na kuwapatanisha na vijiji vyao. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya haki za binadamu na mji wa Weimar, Ujerumani.

MSIBA UNA SABABU

Mwenye msiba asidharauliwe. Anayeuliza "kwa nini mwanangu?" anauliza swali la kweli. Lakini jibu latakiwa liwe la kweli pia. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100, wenye virusi vya UKIMWI walikuwa kama 11 mkoani Njombe, 11 Iringa na 9 Mbeya, na katika nchi nzima kama 5. Ongeza kifua kikuu, nimonia ya watoto kwa baridi yetu hii, na malaria mabondeni. Vifo vinavyofuatana katika nyumba moja vyaweza kuwa vya ugonjwa mmoja unaoambukiza, na ugonjwa huo una dawa kama ukipimwa mapema.

Na yule bibi mwenye macho mekundu? Amepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini. Moshi ndio uliomharibu macho.

Kisha tazama jambo jingine. Aliyetajwa ana nini? Mara nyingi utaona ni mjane mwenye shamba, au mzee mwenye miti ya mbao au mashina ya parachichi, asiye na mtoto mwenye nguvu wa kumtetea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi. Wanaoshindwa kumnyang'anya mjane shamba lake barazani hupita njia ya ramli.

UFANYE NINI?

Kwanza, hudhuria mkutano wa kijiji hata siku usipokuwa na shida. Anayekuja siku ya hasira tu hajui taratibu, na hasikilizwi.

Pili, ukiombwa mchango, omba stakabadhi na uulize sheria yake. Mchango wa kumlipa mpiga ramli hautakuwa na stakabadhi.

Tatu, jambo likianza kunong'onwa, usingoje. Mwambie mtendaji, au askari wa kata, au piga simu 112. Mwambie na katekista wako. Jumuiya ndogo ndogo iende ikasali rozari kwa yule anayenong'onwa; watu wakiona majirani wameketi uani kwake, watafikiri mara mbili.

Nne, mgonjwa apelekwe zahanati kabla ya kwenda po pote pengine, na wazazi waulize jina la ugonjwa.

Tano, zungumza na vijana wako nyumbani. Waambie amri ya tano na amri ya nane hazina ruhusa kwa aliye ndani ya kundi. Anayeshika jiwe ana mkono wake mwenyewe.

Mwisho, wakati wa uchaguzi ukija tena, usimwulize mgombea ni wa chama gani tu. Mwulize hivi: "Siku watu watakapotaka kumwita mpiga ramli, wewe utasema nini?" Mwulize mbele ya watu, ajibu mbele ya watu, na jibu lake likae moyoni mwenu miaka mitano. Siku mbiu itakapolia kwa jambo zito, mtakuwa na la kumkumbusha.