Ukali wa Mbwa Haukai Mkiani

"Daktari, huyu mtoto wa mbwa nimkate mkia akiwa na siku ngapi ndiyo awe mkali?" Swali hili nimeulizwa Litein, nikaulizwa Sotik, na siku ya soko Kapkatet likanifuata hadi mlangoni mwa gari. Jibu langu halijabadilika: usimkate.

Mkia ni mwisho wa uti wa mgongo: mifupa midogo, misuli, mishipa ya damu na neva. Hakuna upole uliofichwa humo wa kutolewa kwa kisu. Imani za mkia ni za kale mno. Columella, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, alifundisha kwamba mtoto wa mbwa akiondolewa ncha ya mkia siku ya 40 hatashikwa na kichaa. Kichaa bado tunacho, na kisu nacho bado kinatafutiwa kazi.

Mtaniambia mbwa wa jirani amekatwa na ni mkali kweli. Sikatai. Lakini huyo amefungwa mnyororo tangu utotoni, hakuzoeshwa watu katika zile wiki za 3 hadi 12 anapojifunza nani ni nani, na kila asubuhi watoto wa shule humrushia mawe. Hata angekuwa na mikia miwili angeng'ata. Tena neva zilizokatwa huweza kuota kivimbe ndani ya kovu, akiguswa nyuma anaruka kwa uchungu. Mbwa wa namna hiyo halindi boma. Humrarua mwizi na mchuma chai aliyekuja kuomba maji bila kubagua.

Mkia ndio unaomwambia mwenzake "sogea" au "kaa mbali". Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, walitengeneza mbwa bandia. Alipokuwa na mkia mrefu, mbwa wakubwa walimkaribia zaidi ukitikisika kuliko ukiwa umetulia. Alipowekewa kigutu, hawakuona tofauti.

Eti kitoto cha siku tatu hakisikii uchungu? Upuuzi. Huko Australia, utafiti wa 1996 uliwafuatilia watoto 50 wa mbwa wakikatwa, na wote walilia. Hao walikatwa kitaalamu. Kwetu ni kisu cha kupogolea chai na jivu la jikoni, au mpira unaokazwa mpaka mkia uoze, kisha naletewa usaha na funza.

Wawindaji wa Uingereza hudai mkia hujeruhiwa vichakani. Kuna ukweli kidogo, ila utafiti wa 2010 ulikadiria kwamba ni lazima ukate mbwa wapatao 500 ili uzuie jeraha moja. Na chai haina miiba. Sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360, haimwachi huru anayempasua mnyama ovyo.

Wataka mlinzi? Chukua mtoto wa mama anayelinda vizuri, mlishe, mzoeshe watu wa nyumbani, mfungue usiku. Chanjo ya kichaa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Mhasi. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na hospitali siku hiyo hiyo. Mkia uliopondwa na bodaboda nileteeni, nitaukata kwa dawa ya usingizi. Mkia mzima siukati, hata kwa bei gani.