Weupe wa Aina Mbili Ukutani

Afikaye Sumbawanga mwezi Juni au Julai hakawii kuelewa kwa nini madirisha ya darasa hufungwa upande wa upepo. Mji huo uko katika uwanda wa juu wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi si ya mzaha. Lakini dirisha la mbao likifungwa, nuru nayo hubaki nje. Pasipo umeme, mwanafunzi aketiye nyuma hutegemea mwanga unaorudishwa na kuta.

Tuseme mwalimu anachagua kati ya rangi nyeupe na krimu hafifu. Akizitazama kwenye vipande vya kadi, haoni tofauti kubwa. Tuchukulie kwamba nyeupe hurudisha sehemu 85 katika kila 100 za mwanga, na krimu 75. Tofauti ni 10 tu; ya nini kujisumbua? Ila mwanga haugongi ukuta mara moja. Chumbani hudunda kutoka ukuta huu hadi ule, na kila mara hupungua. Baada ya kugonga kuta mara tano, katika sehemu 100 za mwanzo zitabaki takriban 44 kwa nyeupe, na 24 tu kwa krimu. Mwanafunzi wa hisabati na athibitishe mwenyewe.

Zaidi ya hayo, krimu hufyonza miali ya buluu kuliko ya manjano. Kwa hiyo kadiri mwanga unavyodunda, ndivyo umanjano unavyokolea. Hii ndiyo sababu rangi iliyopendeza dukani huonekana nzito chumbani, na fundi akalaumiwa bure.

Jaribio lake ni rahisi. Paka ndani ya maboksi mawili ya viatu, kila moja rangi yake, pamoja na vifuniko. Toboa katika kila boksi tundu la kuingizia mwanga na jingine dogo la kuchungulia, kisha uyaweke juani. Tofauti iliyojificha kwenye kadi itajitokeza. Rudia usiku kwa mwanga wa kibatari: kwa kuwa una buluu chache mno, rangi hizo mbili zitakaribia kufanana. Basi asichague mtu rangi usiku.

Kwa ukuta wenyewe, paka sampuli kwenye kona, pande zote mbili, mahali mwanga unapodunda, uitazame asubuhi madirisha yakiwa yamefungwa.