Fahamu: Disiki, Kiluhya na darasa la Kakamega

Waliosoma Kakamega miaka ya nyuma wanaikumbuka disiki: kipande cha ubao chenye kamba, ulivishwa shingoni kwa kuteleza tu ukasema "amatsi" kwa Kiluhya badala ya kuyataja maji kwa Kiingereza. Ili uivue, ulimvizia mwenzako naye ateleze. Jioni, aliyebaki nayo alipata viboko. Ubaya wake hasa ulikuwa huo: watoto waligeuzwa wapelelezi wa lugha ya mama zao.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliieleza adhabu ya aina hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind (1986).

Kwenye karatasi, mambo ni mazuri. Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu nchini Kenya ilipendekeza watoto waanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lao. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali izikuze lugha za kienyeji. Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001.

Lakini lugha ya eneo ikiwa Kiluhya, ni Kiluhya kipi? Shinyalu ni Kiisukha, Malava Kikabras, Mumias Kiwanga. Mjini, watoto wamechanganyika, Kiswahili ndiyo lugha ya eneo. Na mtihani? Kiingereza kile kile.

Mzazi, muulize mwalimu wa gredi ya kwanza anafundisha kwa lugha gani.