Alaimenti ya Gari Lililoinuliwa: Unacholipia na Unachostahili Kupata

Pikapu na magari yanayoendeshwa kwa magurudumu manne, kama vile Land Cruiser, Hilux, Prado na Patrol, yamekuwa nyenzo muhimu ya kazi nchini mwetu. Mkulima, mkandarasi, mwongoza watalii na mtumishi anayekwenda vijijini huyahitaji kwa sababu barabara nyingi, hasa wakati wa masika, hazimhurumii mwenye gari la chini. Ndiyo maana wengi huamua kuliinua gari kwa kufunga springi ndefu zaidi, shokapu mpya na matairi makubwa, na wengine huongeza mkonga wa kuvutia hewa. Baada ya kazi hiyo yenye gharama kubwa, gari hupelekwa kupimwa magurudumu, huduma ambayo vibao vya gereji huiita "wili alaimenti".

Hapo ndipo linapoanza tatizo tunalolieleza katika makala hii. Mlaji hulipia alaimenti, hukabidhiwa gari na kuambiwa kuwa kila kitu kiko sawa. Baada ya miezi michache huona matairi ya mbele yameliwa upande mmoja, au gari hutangatanga barabarani kila linapofika kilomita 80 kwa saa. Akirudi kulalamika huambiwa kwamba gari lililoinuliwa ndivyo lilivyo, azoee. Jibu hilo hatukubaliani nalo. Gari lililoinuliwa kwa kiasi, kwa vifaa vinavyolifaa, linaweza kwenda sawa na kula matairi kwa usawa. Likikataa, ipo sababu, na sababu hiyo hupimika.

Pembe tatu, na ile moja inayosahauliwa

Kupima alaimenti ni kupima pembe za magurudumu, na zilizo kuu ni tatu. Ya kwanza ni tou, yaani jinsi magurudumu mawili ya mbele yanavyoelekeana au kupeana mgongo ukiyatazama kutoka juu. Ya pili ni kemba, yaani jinsi gurudumu linavyolala kuelekea ndani au nje ukilitazama kutoka mbele ya gari. Ya tatu ni kasta. Hii haionekani kwa macho kwa urahisi, kwa hiyo tuieleze kwa mfano wa baiskeli. Foki ya mbele ya baiskeli haikusimama wima, bali imelala kidogo kuelekea kwa mwendeshaji. Mlalo huo ndio unaoiwezesha baiskeli kushika njia hata mwendeshaji akiachia usukani. Gari nalo lina mlalo wa namna hiyo katika mhimili ambao gurudumu hugeukia, na ndio unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona.

Tou ikikosewa, tairi ndilo linalolipa. Gurudumu lililopinda kwa nusu digrii tu husukumwa pembeni karibu mita 9 katika kila kilomita 1 ya safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, takriban kilomita 450, tairi hilo linakuwa limeburutwa pembeni karibu kilomita 4, na mpira wake unasagwa njia nzima. Mlaji anaweza kuligundua hili bila kifaa chochote. Gari likiwa limezimwa na kufungwa breki ya mkono, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwanza kuelekea ndani kisha kuelekea nje. Ukihisi ni laini upande mmoja na linakwaruza upande wa pili, tou haiko sawa.

Kasta ina tabia tofauti. Ikipungua, kwa kawaida matairi hayaliki. Kinachopotea ni utulivu wa gari: usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, hauridi wenyewe baada ya kona, na upepo wa lori linalopishana nawe unatosha kulisogeza gari. Kwa kuwa haili matairi, gereji nyingi zinazofanya kazi kwa haraka haziigusi kabisa. Hurekebisha tou peke yake, kazi isiyohitaji muda mrefu, na mlaji hutozwa bei ya alaimenti nzima. Tunaona kuwa huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika huduma hii, kwa sababu kasta ndiyo pembe ambayo kuinua gari huivuruga zaidi.

Kuinua gari kunabadilisha nini

Jibu hutegemea gari limeundwaje mbele. Land Cruiser za jamii ya 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984, zina ekseli nzima mbele, yaani mhimili mmoja wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Patrol za zamani nazo ziko hivyo. Hilux na Prado za miaka ya karibuni ni tofauti: kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono yake, mmoja juu na mmoja chini, na hupanda na kushuka bila kulitegemea la pili.

Katika gari lenye ekseli nzima na springi za mviringo, kuliinua huizungusha ekseli kidogo, na kasta hupungua. Kuinua milimita 50 kunaweza kuondoa digrii moja hadi mbili, na gari la aina hii huwa na digrii chache tu tangu kiwandani. Sasa jambo ambalo mlaji anapaswa kulijua kabla hajatoa fedha: ekseli hiyo haina bolti ya kurekebishia kasta. Fundi wa alaimenti, hata awe hodari namna gani, hawezi kuirudisha kwa spana. Inahitaji vifaa, ama bushi zenye tundu lililohamishwa kutoka katikati, ama mikono mingine iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa. Kwa zile zenye springi za majani mbele, kama zilivyokuwa Land Cruiser za jamii ya 70 hadi mwaka 1999, hutumika kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na ekseli. Vifaa hivyo ni sehemu ya gharama ya kuinua gari. Anayekuuzia springi bila kuvitaja amekupa bei isiyo kamili.

Ekseli hiyo yenye springi za mviringo hushikwa pia na fito moja ya chuma inayotoka kwenye chesisi, ambayo mafundi huiita panhadi rodi. Gari likiinuliwa, fito huivuta ekseli upande mmoja, na gurudumu la upande mmoja likawa limejitokeza kuliko la upande wa pili. Fito inayorekebishika urefu hutibu jambo hili.

Hilux na Prado zina nafuu, kwani mkono wa chini umefungwa kwa bolti maalumu ambazo zikizungushwa hubadilisha kemba na kasta. Kwa gari lililoinuliwa hadi kama milimita 50, bolti hizo mara nyingi zinatosha. Likizidi hapo, huishiwa nafasi, na ndipo mikono mipya ya juu inapohitajika. Tahadhari moja inahusu spesa, yaani kile kipande kinachowekwa juu ya shokapu ili kuinua gari kwa gharama ndogo. Katika magari mengi ya aina hii, spesa ya milimita 25 huinua gari karibu milimita 50, kwa sababu shokapu imeshikwa katikati ya mkono na si mwishoni. Mlaji anayeambiwa kuwa ameongezewa "inchi moja tu" apime mwenyewe, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kabla na baada ya kazi.

Kuna kikwazo kingine ambacho wakazi wa pwani wanakifahamu vizuri. Bolti hizo hushika kutu ndani ya bushi, na gari lililopita miaka mingi katika matope na hewa ya chumvi huenda lisikubali kabisa kuzifungua. Fundi mwaminifu atakuambia kuwa zinapaswa kukatwa na kubadilishwa pamoja na bushi zake, na atakupa bei kabla hajaanza. Fundi asiye mwaminifu atarekebisha tou na kunyamaza.

Kabla gari halijapanda kwenye mashine

Hakuna maana ya kupima pembe za gari lenye sehemu zilizochoka. Bolijointi, ncha za tairodi, bushi na beringi za magurudumu zikaguliwe kwanza gari likiwa juu ya jeki na limeegemezwa salama, kisha upepo wa matairi uwekwe sawa pande zote. Gereji ikipandisha gari moja kwa moja kwenye mashine bila hatua hizi, namba zitakazotoka zitabadilika kwenye shimo la kwanza.

Mzigo nao ni muhimu. Pikapu inayobeba tangi la maji au vifaa vya kambi kila siku ipimwe ikiwa na mzigo huo, au na uzito unaokaribiana nao, maana mzigo huishusha springi na pembe huhama. Springi mpya pia hukaa chini kidogo baada ya kutumika. Tunashauri upimaji wa kwanza ufanyike mara tu baada ya kuinua gari, ili liwe salama kuendeshwa, na wa pili baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Uliza mapema iwapo huo wa pili umo ndani ya bei.

Mashine, rangi ya kijani na karatasi

Mashine za kisasa huonyesha kila kipimo kwa rangi: kijani maana yake kimo ndani ya mipaka, nyekundu maana yake kimetoka. Walaji wengi huridhika wakiona kijani. Mipaka hiyo, hata hivyo, ni ya gari la kiwandani, lenye kimo cha kiwandani na matairi ya kiwandani. Gari lililoinuliwa na kuvishwa matairi mapana linaweza kuonyesha kijani kwenye kasta iliyo chini kabisa ya kiwango na bado likatangatanga. Kwa hiyo soma namba yenyewe. Linganisha pia kushoto na kulia: tofauti ya kasta au kemba inayozidi nusu digrii kati ya pande mbili huweza kulivuta gari upande mmoja.

Ipo pia njia rahisi ya kujua kama kasta imepimwa kweli. Kwa mashine nyingi, fundi hulazimika kuyageuza magurudumu ya mbele kushoto kisha kulia, yakiwa juu ya sahani zinazozunguka, na mashine hukokotoa kasta kutokana na mzunguko huo. Kama ulisimama hapo tangu mwanzo hadi mwisho na usukani haukugeuzwa hata mara moja, yaelekea sana kasta haikupimwa. Ni haki yako kusimama na kutazama, mradi uko mahali salama.

Usukani ukibaki umepinda huku gari likienda sawa, dawa yake ni kurekebisha tairodi zote mbili kwa usawa katika magari yaliyo nazo pande zote. Kuuchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka ni ujanja wa kuficha kosa, na katika magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza huweza kuwasha taa za hitilafu. Sababu inaweza hata kuwa nyuma. Ikiwa pini ya katikati ya springi za majani imekatika wakati wa kuinua, ekseli ya nyuma hukaa mshazari, na fundi atahangaika na magurudumu ya mbele siku nzima bila mafanikio. Mwambie apime magurudumu yote manne.

Mgogoro unapotokea

Aliyeinua gari humtupia lawama aliyepima, na aliyepima humrudishia aliyeinua. Mlaji hubaki katikati akiwa na gari lisiloshika njia. Kinachomaliza ubishi huo ni karatasi. Pima gari kabla halijainuliwa, hata kama inaonekana kuwa gharama ya ziada. Karatasi hiyo ikiwekwa kando ya ile ya baada ya kuinua, itaonyesha bayana kasta ilipotea wakati gani na mikononi mwa nani. Kila upimaji utoe karatasi yenye namba za kabla na za baada ya marekebisho, tarehe, namba ya usajili wa gari na kilomita zilizosomwa.

Dai risiti ya EFD, na hakikisha makubaliano ya kuinua gari yanataja kwa maandishi ni milimita ngapi, ni vifaa gani vya kurekebisha kasta vitakavyofungwa, na nani atakayelipia alaimenti. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Gereji inayotoza alaimenti kamili huku ikiwa imerekebisha tou peke yake inapaswa kulijibu hilo. Anza kwa kuiandikia gereji yenyewe, ukiambatisha nakala za karatasi za vipimo na kutaja unachotaka, yaani kurudiwa kwa kazi au kurejeshewa fedha, na ndani ya siku ngapi. Usipopata jibu, leta nakala ya barua hiyo pamoja na viambatisho vyake ofisini kwetu. Matairi yaliyolika usiyatupe, na usiyageuze kutoka gurudumu moja kwenda jingine kabla hayajapigwa picha, kwani namna yalivyolika ni ushahidi. Vilevile ijulishe kampuni yako ya bima kwamba gari limeinuliwa, ikiwezekana kabla ya kazi kuanza.