Watani wa Jadi na Alhamisi ya Bata Mzinga

Jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, lina vyuo vikuu viwili ambavyo watu wake husali pamoja, huoana na huzikana, lakini siku moja kila mwaka salamu zao huwa za kulazimishana. Kimoja ni Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, ambacho kila mtu hukiita Ole Miss. Kingine ni Mississippi State, mjini Starkville, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Timu zao za futiboli ya Kimarekani zilikutana mara ya kwanza mwaka 1901. Tangu 1927 zinagombea kombe la rangi ya dhahabu lenye umbo la mpira wa enzi hizo, mnene kama yai, na ndiyo maana pambano lenyewe linaitwa Egg Bowl. Kombe hilo halikuzaliwa na upendo wa michezo. Mwaka 1926 Ole Miss walishinda 7–6 ugenini Starkville, mashabiki wao wakazikimbilia nguzo za goli ili wazing'oe, na wenyeji wakawapokea kwa viti. Wanafunzi wenye busara wa pande zote mbili wakaona ni heri mshindi apewe kitu cha kubeba kuliko kuachiwa ajichagulie mwenyewe.

Pambano la namna hii lichezwe lini? Kwa miaka mingi limekuwa likipangwa kwenye wikendi ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo huanza Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ambayo familia za Kimarekani hukusanyika kula bata mzinga. Kuanzia 1998 hadi 2003 lilichezwa Alhamisi yenyewe. Likarudi Alhamisi mwaka 2013, kisha likakaa hapo kuanzia 2017 hadi 2023, isipokuwa mwaka wa korona, 2020. Mwaka 2024 na 2025 limechezwa Ijumaa. Kila likihama, ubishi huanza upya: wapo wanaosema sikukuu bila watani wa jadi haijakamilika, na wapo wanaosema watani wa jadi wanawaharibia sikukuu.

Msimamo wangu ni kwamba wikendi ile ni mahali pake, ila Alhamisi si siku yake. Kwanza, hata hivyo, tuondoe hoja moja ambayo husemwa kwa sauti kubwa na ina uzito mdogo: kwamba zamani siku hii ilikuwa safi, ya sala na meza, hadi mpira na biashara vilipoivamia.

Vyuo vya mashariki vilianza kucheza mechi ya ubingwa wao siku ya Shukrani tangu 1876, miaka 13 tu baada ya Rais Abraham Lincoln kuitangaza siku hiyo kuwa ya taifa zima. Kufikia 1893, Princeton walipowafunga Yale 6–0 jijini New York, watazamaji walikuwa wapatao 40,000, na gazeti la New York Herald lililalamika kwamba sasa siku yenyewe ni ya futiboli, Mungu amewekwa kando. Kabla ya karne kwisha vyuo hivyo viliirudisha mechi nyumbani kwao, mbali na jiji na vishawishi vyake. Kwa hiyo malalamiko haya yana umri wa zaidi ya karne, na wanaolalamika leo wanairithi mila bila kujua.

Hata tarehe ya sikukuu imewahi kuburutwa. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano. Wenye maduka walihofia kwamba sikukuu ikiangukia tarehe 30, siku za kununua zawadi za Krismasi zitakuwa chache, na Rais Franklin Roosevelt akaiwahisha kwa wiki moja. Miongoni mwa waliopiga kelele walikuwa makocha wa vyuo, kwa kuwa ratiba zao zilikwishapangwa kwa kufuata tarehe ya zamani. Majimbo yakagawanyika: mengine yalimfuata rais, mengine yakagoma. Texas, Colorado na Mississippi zilisherehekea Alhamisi zote mbili, uamuzi ambao bata mzinga hawakushirikishwa. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 1941 ili ugomvi uishe. Anayesema siku hii haiguswi na masoko wala michezo anaisemea siku nyingine.

Hoja ya kweli ya kuitetea Alhamisi haihusu utakatifu wala mila. Inahusu nafasi. Jumamosi ya wikendi hiyo ina msongamano: Michigan wanacheza na Ohio State, Alabama na Auburn, na nusu ya nchi ina mtani wake wa kumalizana naye. Mississippi ni jimbo dogo na maskini, na vyuo vyake viwili si wababe wa kila msimu. Ukiwaweka Jumamosi saa tisa, nje ya jimbo watatazamwa na wajomba na shangazi tu. Ukiwaweka Alhamisi usiku, nchi nzima iko nyumbani, imeshiba, haina pa kwenda, na mechi ya vyuo iliyopo ni hiyo moja. Kijana wa sekondari anayetafuta chuo cha kuchezea huko Georgia au Florida ataiona. Kwa chuo kinachoishi kwa kuwavuta vijana wa namna hiyo, saa tatu za peke yako kwenye runinga si kitu cha kudharau.

Lakini vyuo havikai peke yao kwenye siku hiyo. Detroit Lions, timu ya kulipwa, wamekuwa wakicheza siku ya Shukrani tangu 1934, Dallas Cowboys tangu 1966, na tangu 2006 ligi ya NFL imeongeza mechi ya tatu, ya usiku. Sheria ya utangazaji wa michezo ya mwaka 1961 iliwalinda wanafunzi kwa kuizuia NFL kurusha mechi Ijumaa jioni na Jumamosi katika miezi ya msimu wa vyuo. Alhamisi haikuwekewa ua. Mwaka 2023 NFL ikaingia hata Ijumaa, kwa mechi inayoanza mchana, kabla ya saa ambayo sheria inaanza kuuma. Wanasheria wao wanajua kusoma saa. Kwa hiyo Alhamisi usiku, ambayo Egg Bowl iliisifia kuwa ni jukwaa lake peke yake, tayari ilikuwa jukwaa la kugombea na wakubwa.

Sasa tutazame gharama. Timu iliyocheza Jumamosi na kurudi uwanjani Alhamisi imepata siku tano badala ya saba, katika mchezo ambao kazi yake ya kila dakika ni kugongana. Vyuo vimefungwa kwa likizo na wanafunzi wengi wamekwenda kwao. Wanaobaki ni wachezaji, wapiga bendi na wale ambao nauli imewashinda. Uwanja wa watu 60,000 unahitaji polisi, madereva wa magari ya wagonjwa, wauza vinywaji, wakagua tiketi, na wafagiaji watakaoanza kazi wengine wakiwa wamelala. Hawa hawamo kwenye picha wakati mtangazaji anaposema ni usiku mzuri wa familia.

Watetezi hujibu kwamba watu wa Ole Miss huhamishia karamu yao chini ya miti ya The Grove, katikati ya kampasi, ambako mahema hupambwa hata kwa taa za vioo za kuning'inia, na bata mzinga hukaangwa hapohapo. Ni kweli, na inapendeza. Lakini mwenye taa ya kuning'iniza hemani si kipimo kizuri cha mzigo wa sikukuu. Anayepaswa kuulizwa ni yule anayeikunja meza.

Lipo pia jibu jipya. Tangu Julai 2025, baada ya makubaliano yaliyothibitishwa mahakamani, chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi jumla ya dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Basi, husemwa, mchezaji naye ni mfanyakazi, na wafanyakazi wengi hawapumziki siku ya Shukrani: muuguzi yuko wodini, zimamoto yuko kituoni. Hoja hii inasahau kwa nini muuguzi yuko kazini. Ugonjwa hauwezi kusogezwa hadi Jumamosi. Egg Bowl inaweza, na imewahi kusogezwa mara nyingi bila mtu kulazwa.

Je, pambano likiondoka Alhamisi linapoa? Ushahidi unasema hapana. Michigan na Ohio State walizoea kumaliza ubishi wao Jumamosi inayotangulia Shukrani, na mwaka 2010 wakahamia Jumamosi inayofuata. Chuki yao haikupungua hata chembe. Alabama na Auburn walicheza Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2013, siku ambayo Auburn walidaka teke la mbali lililopungua nguvu, wakakimbia nalo uwanja mzima sekunde ya mwisho na kushinda 34–28. Hakuna aliyelalamika kwamba ingenoga zaidi kama ingekuwa Alhamisi.

Texas inafundisha kwa njia nyingine. Chuo Kikuu cha Texas na Texas A&M, watani tangu 1894, walikuwa na Alhamisi yao iliyopendwa sana, na mara ya mwisho waliicheza mwaka 2011, Texas wakishinda 27–25 kwa teke la dakika ya mwisho. Baada ya hapo A&M wakahamia ligi nyingine na pambano likafa kwa miaka 12. Wabunge wa jimbo walijaribu hata kupeleka miswada ya kuvilazimisha vyuo vicheze, ishara kwamba shughuli nyingine za bungeni zilikuwa zimekwisha. Mila ya Alhamisi haikuweza kuliokoa pambano mbele ya mikataba ya ligi. Waliporudiana mwaka 2024 walicheza Jumamosi, mwaka uliofuata Ijumaa, na mashabiki walijaa mara zote mbili. Walichokikosa watu ni mtani wao. Siku ya wiki walikuwa wameshaisahau.

Na Egg Bowl yenyewe haihitaji msaada wa kalenda ili ikumbukwe. Alhamisi ya 2018 vurugu zilikuwa kubwa kiasi kwamba waamuzi waliandika kosa la utovu wa nidhamu kwa kila mchezaji wa timu zote mbili. Alhamisi ya 2019 mchezaji wa Ole Miss alifunga sekunde za mwisho, akatambaa na kuinua mguu kama mbwa penye nguzo. Akaadhibiwa yadi 15, teke la nyongeza la kusawazisha likawa la mbali zaidi, likakosa, na State wakashinda 21–20. Wiki chache baadaye makocha wote wawili, aliyeshindwa na aliyeshinda, walikuwa hawana kazi. Watu wa aina hii wangefanya hivyohivyo hata Jumanne.

Wikendi ya Shukrani inalifaa pambano hili kwa sababu moja ya msingi: watu wametoka mbali kurudi kwao, na utani wa jadi huishi nyumbani, kati ya kaka aliyesoma Oxford na dada aliyesoma Starkville. Wape Alhamisi wakae meza moja. Ijumaa mchana au Jumamosi waende uwanjani wakiwa na ya kulipiziana. Anayetaka sikukuu atakuwa ameipata, na anayetaka mpira hatakuwa amekosa kitu.

Tatizo ni kwamba hakuna chuo kilichoamua hivyo. Mechi zote za ligi ya SEC, ambamo vyuo hivi vyote vinne vya Mississippi na Texas vinacheza, tangu 2024 ziko mikononi mwa ESPN na ndugu zake, na mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ijumaa ya sasa imepatikana kwa hesabu ya watazamaji, na hesabu ikibadilika itaondoka vilevile, bila mtu wa Oxford wala Starkville kuulizwa. Vyuo vinavyojua kudai mamilioni kwenye mkataba vinaweza kudai na sentensi moja zaidi: pambano hili halichezwi kabla ya Ijumaa. Visipoiandika sasa, wakati Ijumaa bado inamfaa mwenye runinga, havitapata nafasi ya kuiandika atakapoitaka tena Alhamisi.